Mkono Uliopima Kaniki ya Nzuguni

Vijana wangu mnaosimama leo nyuma ya meza za maduka ya hapa Dodoma, mmeniuliza zaidi ya mara moja kwa nini kila niingiapo dukani kwenu huitazama kwanza ile yadi ya bati mliyoipigilia ukingoni mwa meza, kisha ndipo nikawaamkua. Msidhani ni kukosa adabu. Naitazama kama mtu atazamavyo mgeni aliyekalia kiti cha rafiki yake. Kabla ya yadi kulikuwa na mita, na kabla ya mita kulikuwa na jambo jingine ambalo nitajaribu kuwaeleza, ingawa nawaonya mapema kwamba mimi mwenyewe sijalielewa sawasawa hadi leo.

Nilianza kazi ya duka katika siku za Wajerumani, reli ilipokuwa imekwisha kufika Dodoma na mji ukiwa bado ni stesheni, boma, na vumbi. Kampuni iliyoniajiri ilikuwa na maduka tisa kutoka pwani hadi Tabora, na fahari yake ilikuwa kwamba maduka yote tisa ni duka moja. Milango yote ilipakwa rangi ya buluu. Rafu zote zilipangwa kwa utaratibu mmoja: misumari upande wa kushoto, chumvi chini, shanga katika makasha yenye namba, na sindano katika kopo jekundu mkono wa kulia wa mwuzaji. Nilipohamishwa kutoka duka la Morogoro, siku ya kwanza niliingia duka la Dodoma, nikafumba macho nyuma ya meza, nikanyoosha mkono, nikagusa kopo la sindano. Moyo wangu ulijaa furaha ambayo leo naionea haya kidogo. Nilijiambia, “Hapa ndipo haki inapokaa. Mtu wa Tabora na mtu wa Dodoma, tajiri na maskini, wote watakuta kitu kile kile mahali pale pale.”

Mtaniwia radhi, nilikuwa nimetoka chuoni karibuni. Walimu wangu wa misheni huko Ubondei walitaka niwe mwalimu, nami niliwajibu kwa barua ndefu kwamba watu hudhulumiwa dukani kabla hawajafika darasani, kwa hiyo mwenye kutaka kuwatumikia na aende dukani.

Katika duka la Dodoma nilimkuta Mzee Feruzi. Babu yake alikuja na misafara kutoka pwani akaoa huku, naye mwenyewe alikuwa ametembea na mizigo ya nguo miaka mingi kabla ya reli kuifuta kazi ile. Alisoma na kuandika vizuri kwa herufi za Kiarabu, lakini kwa kuwa hakujua herufi za Kizungu Kampuni ilimhesabu kuwa msaidizi, na mimi, niliyekuwa sawa na mjukuu wake, nikawa mkubwa wake. Kila asubuhi nilimwamkia, “Shikamoo, Mzee,” naye akaitika, “Marahaba, bwana mkubwa wangu,” kwa sauti ambayo sikuweza kujua kama ni heshima au dhihaka. Baada ya hapo, kwa amri ya Kampuni, tulisimama wima nami nikasoma Sheria za Duka kwa sauti, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, ndipo tukafungua mlango.

Kwa kuwa maduka yote yalikuwa duka moja, shehena pia ilikuwa moja. Hapo ndipo akili yangu ilipoanza kuchanganyikiwa. Mwezi wangu wa pili lilishushwa kasha la ndoana. Ndoana, Dodoma! Mito yetu mnaijua: ni mchanga wenye jina. Nilidhani kasha limepotea njia, nikaandika barua pwani. Jibu likaja kwamba kila tawi hupewa kasha moja na kila tawi linatazamiwa kuliuza.

Niliketi nikilitazama lile kasha kama hesabu isiyo na jawabu. Mzee Feruzi aliinuka. Alichukua ndoana moja kubwa, akaifunga kwa kamba kwenye boriti mbele ya mlango, akatundika juu yake ukanda wa nyama mbichi, akarudi kukaa. Nyama ikakauka pale pale, mbali na paka na mbwa. Wiki haikuisha, wanawake wakaanza kuuliza kile chuma kilichopinda kinauzwaje. Kasha likaisha.

Nilifurahi, nikaandika pwani kwamba ndoana zimekwisha. Vijana, jifunzeni kwangu: msiseme ukweli nusu kwa mtu aliye mbali. Shehena iliyofuata ilikuja na nyavu za kuvulia samaki na barua ya kutupongeza kwa jinsi uvuvi wa Dodoma unavyostawi.

Mzee Feruzi aliupapasa wavu, akaniuliza, “Wamesemaje?”

“Wamesema uvuvi unastawi.”

“Alhamdulillahi. Basi tuombe Mungu wasituletee mashua.”

Nyavu nazo alizimaliza. Watu walizinunua kufunika uwele walioanika, ndege wasiudonoe. Mara hii sikuandika pwani kitu chochote.

Mzee yule ndiye aliyenifundisha kazi, si Sheria. Alinifundisha kulowesha kidole kwa mate na kuisugua kaniki kabla ya kuipokea: rangi ikibaki yote kidoleni, nguo hiyo itavaliwa na kidole chako, si na mnunuzi. Alinifundisha kutundika gunia lililoloweshwa mlangoni upepo wa mchana unapoanza, kwa maana merikani, ile nguo nyeupe, ikifunguliwa katika vumbi lile hugeuka rangi kabla hujamaliza kuikunjua. Siku moja nilinunua bonge la nta kutoka kwa mzee mmoja mpole, nikalipima kwenye mizani kwa uangalifu wote wa chuoni. Mzee Feruzi alilichukua, akaligonga ukingoni mwa meza, likapasuka. Ndani mlikuwa na jiwe safi, limekaa kama kokwa.

“Mizani ilisema kweli,” nilijitetea.

“Ilisema kweli, mwanangu. Uliiuliza uzito. Hukuiuliza nta.”

Sasa niingie katika jambo la mkono.

Kabla ya mita, nguo katika nchi hii ilipimwa kwa mkono wa mtu, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ni shuka, mikono minane ni doti. Mtu akitaka nguo, hakuja peke yake. Alikuja na ndugu mwenye mkono mrefu kuliko wote katika ukoo, hata kama ndugu huyo alikaa mwendo wa nusu siku. Mwuzaji naye alikuwa na mtu wake mwenye mkono mfupi. Ndipo yalipoanza maneno. Wiki yangu ya kwanza, kabla sijashika usukani, nilimwona Mzee Feruzi katika shughuli hiyo na ukoo mmoja wa kijiji cha Mtumba.

“Ondoeni huo mkono wa twiga! Mmemtoa porini?”

“Basi lete wako, Feruzi, ule wa sungura, aliyeungua kwa kuiba uji!”

“Mkono wangu umepima nguo za babu zenu.”

“Ndiyo maana walikufa uchi!”

Wakacheka hadi machozi, wakabishana, wakanywa maji, wakabishana tena, na mwisho wakakubaliana juu ya mtu wa tatu aliyekuwa akipita na mbuzi wake. Mkono wake haukuwa mrefu wala mfupi. Akapima, na kila mtu akatamka jina lake kwa sauti: nguo hii imepimwa na fulani. Asubuhi nzima ilikwisha kwa doti moja.

Niliona ni mchezo wa watoto, tena mchezo wa dhuluma. Nilikuwa na sababu yangu. Mama yangu alikuwa mtu mfupi. Alipokwenda kununua nguo kwa wachuuzi wa kwetu, hakuwa na ndugu wa kumpeleka, na wachuuzi walimwambia kwa ukarimu, “Pima kwa mkono wako mwenyewe, mama.” Alipima kwa mkono wake mwenyewe, na kila mara nguo ilifika nyumbani pungufu. Niliuona upungufu huo mwilini mwake utoto wangu wote. Kwa hiyo Kampuni iliponikabidhi fimbo ya mita, ya mti mgumu, yenye vichwa vya shaba na muhuri, niliipokea kwa mikono miwili kama mtu apokeavyo ushirika. Sheria ya nne ilisema: mita moja kwa watu wote. Niliisoma kila asubuhi kwa sauti kubwa kuliko nyingine.

Nikaukomesha mkono. Ukutani palikuwa na jedwali la Kampuni lililogeuza mikono kuwa mita, ili wenyeji wasipate shida. Watu walinipa jina, Bwana Mita, nami nikalipenda. Lakini waliendelea kuja na ndugu zao warefu. Warefu hao walisimama kando ya meza, kimya, mikono imening'inia, wakitazama fimbo ikifanya kazi waliyotembea nusu siku kuja kuifanya. Nilipowaambia kwamba hawahitajiki tena, walinijibu “Mbukwa,” salamu yao ya Kigogo, kwa upole, kama vile nimewasalimu tu, wakaendelea kusimama. Sikuelewa walichokuwa wakingoja.

Ndahani hakuja na mtu. Alikuwa kijana Mgogo aliyefanya kibarua cha reli, mcheshi, mwenye kupenda mambo mapya. Alikuwa anamwoa Sechelela, binti wa kijiji cha Nzuguni. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kupelekwa na kupokewa. Kilichobaki ni nguo ya mama wa binti, doti mbili za kaniki, yaani mikono kumi na sita, ambayo Mama Sechelela angeishona na kuivaa siku ya kumtoa mwanawe.

“Bwana Mita,” alisema, “mimi ni mtu wa reli. Nipimie kwa fimbo yako, wasinichezee.”

Nilitamani kumkumbatia. Huyu hapa, nilijiambia, mtu wa kwanza aliyeelewa! Nilitazama jedwali: mikono kumi na sita, mita saba na robo. Nikapima polepole ili aone, nikakata, nikakunja. Mzee Feruzi alikuwa akipanga majembe. Aliuliza bila kugeuka, “Kule Nzuguni atakayepima ni nani?”

“Mita ni mita, Mzee,” nilijibu. “Hapa na Nzuguni.”

“Haya,” alisema, akaendelea kupanga majembe.

Siku ya tatu, jua likiwa halijafika utosini, Ndahani alirudi akitiririka jasho. Ucheshi wote ulikuwa umemtoka.

“Bwana Mita, unaitwa.”

“Na nani?”

“Na mjomba wa Sechelela. Amepima nguo kwa mkono wake mbele ya watu wote. Kumi na tatu na kipande! Wanasema nimemdharau mama yao. Amesema jua likizama nguo haijatimia, ng'ombe watarudi zizini kwetu na Sechelela atabaki kwao.”

“Kwani hukuwaambia ilipimwa kwa mita?”

“Niliwaambia! Wakaniuliza, nani alipima? Nikasema, fimbo. Wakasema, basi haikupimwa na mtu.”

Nilitaka kumkatia kipande kingine tukamalize. Ndahani akatikisa kichwa. Nguo ya kuunganishwa, alisema, ingekuwa tusi la pili juu ya la kwanza. Hapo nikaichukua fimbo. Mzee Feruzi aliniambia maneno machache tu: “Nenda. Lakini hiyo iache hapa.” Sikuiacha. Ningeiachaje? Ndiyo iliyokuwa ushahidi wangu.

Nzuguni ya siku zile ilikuwa tembe chache na mazizi. Watu walikuwa wameketi uwanjani, ukoo wa binti upande mmoja na wa Ndahani upande wa pili, na kaniki imelala katikati juu ya ngozi. Sechelela aliketi mlangoni mwa tembe, ametupa mgongo. Mjomba wake, Masinjisa, aliinuka kunilaki. Vijana wangu, nimeona warefu wengi, lakini mikono ya mtu yule ilikuwa kama imeazimwa kwa mtu mwingine mrefu zaidi. Nilipoiona tu, hesabu yote ikanijia, nami nikaelewa kosa la jedwali: mwenye kuliandika pwani alipima mkono wa mtu asiye na jina, wala hakumjua Masinjisa.

Nikasimama, nikaeleza. Nilieleza kwa utaratibu, kama nilivyofundishwa, kwamba mikono ya wanadamu imetofautiana na kwa hiyo haifai kuwa kipimo. Kwamba fimbo hii ni sawa na fimbo ya Morogoro, ya Tabora na ya pwani. Na kwamba zote zimetokana na mita moja halisi inayotunzwa Ulaya. Ndahani alitafsiri. Walinisikiliza kwa adabu kubwa hadi mwisho.

Mama Sechelela ndiye aliyeuliza. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, mwenye sauti kavu.

“Hiyo iliyoko Ulaya, umeiona?”

“Sijaiona, mama.”

“Nani ameiona?”

Nilifikiri. Nilimfikiria mwalimu wangu wa hesabu, msimamizi wa Kampuni, mkaguzi aliyekuja mara moja kwa mwaka. “Sijui,” nilisema.

Kicheko kikapita upande wote wa ukoo wake. Yeye hakucheka. “Mwanangu akipigwa kesho,” alisema, “au akifukuzwa, nitaulizwa: nguo yako ilipimwa na nani? Aitwe. Fimbo hii nikiiita, itakuja?”

Jibu la swali hilo nimelitafuta tangu siku ile. Ndipo nilipowafahamu wale warefu waliosimama kimya dukani kwangu, mikono imening'inia: walikuwa wakingoja kuwa mashahidi, nami kila siku niliwarudisha makwao bila jina kutamkwa.

Masinjisa akasema, “Hebu tuuone mkono wako wewe.”

Nikakunja shati, nikanyoosha mkono. Uwanja mzima ulilipuka.

“Ala! Mkono au kijiko?”

“Huyu hukorogea chai kwa kiwiko!”

“Ndahani, shemeji yetu, katika watu wote wa Dodoma ukamchagua huyu?”

Nilisimama nikichekwa na koo mbili kwa pamoja, zile zilizokuwa karibu kutengana asubuhi ile. Masinjisa mwenyewe aliifuta pembe ya jicho. Kisha akaishika kaniki, akainyoosha juu ya mkono wangu, mara moja, mara mbili, watu wakihesabu kwa sauti. Ikafika kumi na sita, na kipande kikazidi.

Masinjisa akaniuliza taratibu, Ndahani akitafsiri. “Imefika. Kumbe ulipima vizuri. Sema basi mbele ya watu: ulipima kwa mkono huu?”

Nataka mjue yaliyokuwa moyoni mwangu kwa kitambo kile. Nikisema ndiyo, ndoa imepona, nami nimesema uongo, mimi niliyeacha ualimu ili nikomeshe uongo wa dukani. Nikisema hapana, nimesema kweli, na ng'ombe wanarudi. Na kulikuwa na jambo la tatu, lililonichoma kuliko yote mawili. Mkono huu mfupi niliurithi kwa mama yangu. Ndio ule ule uliomletea nguo pungufu miaka yote, na sasa ulikuwa unampunjia mama mwingine mfupi mikono miwili na zaidi, huku kila mtu akitabasamu.

Nilisema, “Sikupima kwa mkono huu.”

Ndahani hakutafsiri. Lakini Masinjisa alijua Kiswahili kuliko alivyokubali kuonyesha. Uso wake ukabadilika.

“Sikupima kwa mkono huu siku ile,” niliendelea upesi, “nilipima kwa fimbo. Nipeni nguo. Nitapima sasa, mbele yenu, nanyi mtanijua.”

Nikaiweka fimbo chini. Nikaichukua kaniki kutoka mikononi mwake, nikapima mwenyewe tangu mwanzo, nikihesabu kwa sauti. Nilipofika kumi na sita nilitamka jina langu, na la baba yangu, na la kijiji chetu cha Ubondei. Ukoo wa binti wakalirudia jina langu vibaya, kisha vizuri zaidi. Masinjisa akatoa kisu, akakikata kile kipande kilichozidi, kama shibiri tatu hivi, akanipa. “Hiki si chetu,” alisema.

Nilimwendea Mama Sechelela, nikainama, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba kwa mkono wa kaka yake angepata nguo kubwa zaidi, na kwamba kwa haki bado anadai kilichopungua.

“Najua,” alijibu kwa Kiswahili, kumbe naye alikijua. “Unadhani sijui mkono wa kaka yangu?” Akaikunja kaniki, akaiweka magotini, akaanza kuuliza kama watu wa Dodoma wamekula.

Sechelela aligeuka mlangoni. Hilo tu nililiona, maana Ndahani alikuwa amenishika shingo akinitikisa kama bua la uwele.

Niliporudi, Mzee Feruzi aliitazama fimbo kwapani mwangu, kisha kile kipande mkononi. Nikamsimulia yote. Alivuta tasbihi yake pole pole. “Basi sasa una ndugu Nzuguni,” alisema. “Pole.”

Aliposema pole alijua asemalo. Kwa miaka iliyofuata niliitwa Nzuguni kila Ndahani na mkewe walipogombana, na waligombana kwa bidii. Niliitwa kwa sababu ya ulevi wa Ndahani, kwa sababu ya mbuzi aliyeuzwa bila shauri, mara moja kwa sababu ya maneno ambayo kila mmoja alikataa kuyarudia mbele yangu. Nilikwenda, nikaketi, nikasema niliyoyaweza. Mita haikuitwa hata mara moja.

Nilimwandikia mkubwa wa Kampuni pwani barua ya kurasa sita. Nilikiri kwamba nimepima kwa mkono kinyume cha Sheria ya nne, nikaomba adhabu, na nikaomba pia nielezwe: kipimo kilicho sawa kwa wote lakini hakina mtu wa kukijibia, na kipimo kisicho sawa lakini kina mtu, kipi kati ya hivyo ni cha haki? Nilingoja kwa hofu. Majibu yalikuja na shehena: barua imepokelewa, matawi yote yaendelee kutumia mita. Chini ya barua hiyo palikuwa na kasha jipya la ndoana.

Kipande changu cha kaniki nacho kilinisumbua. Hakikuwa mali ya Kampuni, kwa kuwa kilikuwa kimeuzwa. Hakikuwa cha Ndahani, kwa kuwa alikitoa. Ukoo wa binti walikikataa. Nilikizungusha rafuni wiki nzima, na katika duka lile ambalo kila kitu kilikuwa na mahali pake, sikupata mahali pa kukiweka. Mwishowe nilikipeleka nyumbani, nikakitia katika sanduku langu.

Tangu hapo nilipima kwa fimbo, kisha nikalitamka jina langu juu ya nguo. Wale ndugu warefu nao niliwauliza majina yao, wakayatamka, wakaenda zao wakiwa wachangamfu. Sijui kama nilikuwa natii Sheria au naivunja. Jueni tu kwamba nilifanya hivyo, na kwamba wateja waliongezeka. Lakini pia msiamini sana, maana mwaka ule mvua zilikuwa nzuri, na mvua zikiwa nzuri hata ndoana huuzika.

Kisha vita ikaja, Wajerumani wakaenda zao, Kampuni ikafungiwa milango yake yote tisa ya buluu. Waingereza wakaleta yadi. Siku moja afisa mmoja kijana, mwenye uso wa bidii kama niliokuwa nao mimi zamani, alinieleza kwa utaratibu mkubwa kwamba mita imekoma na kwamba yadi ni moja kwa watu wote. Nilimsikiliza kwa adabu hadi mwisho, kama nilivyosikilizwa Nzuguni. Ulimi uliniwasha kumwuliza kama amewahi kuiona ile halisi.

Mama Sechelela alifariki akiwa mzee sana. Niliitwa, bila shaka. Nilipofika nilikuta wameitoa ile kaniki. Aliivaa siku ile moja ya kumtoa bintiye, kisha akaiweka, akaagiza ndiyo itakayomfunika. Wanawake walikuwa wakimzungushia, nami nilisimama miguuni pake, na nakiri kwenu kwamba sikuwa nikiomba. Nilikuwa naitazama ncha ya nguo ikisogea kuelekea nyayo zake, nikihesabu.

Nilikuwa nimekileta kile kipande. Sikujua kwa nini. Nilikitoa tu sandukuni asubuhi. Nikampa Masinjisa, ambaye wakati huo macho yake yalikuwa yamefifia na mikono yake ile mirefu imebaki mifupa. Alikipapasa. Akakitambua. Akakitandaza juu ya nyayo za dada yake, akakilainisha kwa kiganja.

“Sasa imetimia,” alisema.

Hata hicho kikirudi, nguo yote ilikuwa bado ile kumi na tatu na kipande, kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa amepima mbele ya watu wote, wala hakuwa mtu wa kusahau hesabu. Nilitaka kumwuliza imetimia kwa mkono wa nani. Lakini watu walikuwa wananitazama, wakingoja, nami nikakumbuka kazi ya ushahidi niliyoitiwa. Nikalitamka jina langu.